Stakabadhi za chama zinakaa mtandaoni: tuziache au tuzitoe?

Mwalimu,

Mimi ni katibu wa chama cha akina mama hapa mtaa wa Umoja, Nairobi. Tulianza kwa kuchangiana kwa zamu, sasa tuna ploti Kamulu na tunakopeshana. Mwenyekiti alituomba tuachane na makaratasi, basi nikapiga picha kila kitu kwa simu nikaweka kwenye akaunti yangu ya Google: vitambulisho vya wanachama pande zote mbili, vyeti vya PIN ya KRA (namba ya mlipakodi kutoka mamlaka ya kodi), kumbukumbu za mikutano, mkataba wa ploti, taarifa za M-Pesa, na fomu ambazo kila mama aliandika jina la mrithi wake na namba yake ya simu. Linki ya folda hiyo iko kwenye kundi letu la WhatsApp, anayetaka kuangalia aangalie bila kunipigia usiku. Akaunti hiyohiyo ndiyo yenye picha za watoto wangu na za marehemu mama, pamoja na karatasi zake za hospitali.

Mwezi uliopita kaka yangu, mpiga picha za harusi kule Kariobangi, aliamka akakuta akaunti yake ya mtandaoni imefungwa. Kampuni ilimwandikia kwamba amekiuka masharti, haikusema masharti gani. Aliomba wafikirie upya, jibu likaja baada ya dakika chache, lilelile. Kazi za wateja za miaka mingi zimo humo. Hata barua pepe aliyojiandikisha nayo KRA ni hiyo.

Nilipoeleza jambo hili kwenye chama tukagawanyika. Mwenyekiti anasema hiyo ni bahati mbaya ya mtu mmoja, kampuni kubwa namna ile haiwezi kupoteza vitu vya watu. Kijana wangu aliye chuoni anamuunga mkono: makaratasi yanaungua, wingu, yaani hifadhi ya mtandaoni, haliungui. Mweka hazina anataka tufute kila kitu turudi kwenye faili. Na mama mmoja mtu mzima, ambaye sote tunamheshimu, amesema picha ya kitambulisho chake itolewe kwa sababu hajui inakaa kwa nani na nani anaiona. Mkutano ni Jumapili ijayo na mimi ndiye ninayetakiwa kusema tunafanya nini. Tuziache huko au tuzitoe? Na kaka yangu nimwambie nini?

Katibu, Umoja


Dada Katibu,

Nianze na yule mama mtu mzima, kwa sababu swali lake ndilo zito kuliko yote na nahisi mkutano ulilipita haraka. Ameuliza nani anaiona picha ya kitambulisho chake. Jibu unalo mkononi. Fungua folda, bonyeza mahali pa kushiriki, usome nani ameruhusiwa. Kwa kuwa kila mtu kwenye kundi anaifungua bila kukuomba ruhusa, karibu hakika utakuta imewekwa kwa yeyote aliye na linki. Na linki hiyo haijui nani ni mwanachama. Aliyejitoa kwenye chama bado anayo kwenye simu yake. Mtoto aliyepewa simu ya zamani ya mamake anayo. Fundi wa simu wa barabara ya Luthuli aliyeachiwa simu pamoja na nywila yake ili abadilishe kioo anaweza kuifungua akiwa amekaa palepale dukani. Hapo hakuna mdukuzi wala kampuni iliyokosea. Mfumo unafanya hasa kile ulichoambiwa ufanye. Watu wengi wakisikia habari za hatari ya mtandao huwaza kijana wa ng'ambo anayevunja seva usiku. Katika barua zinazonifikia, mara nyingi zaidi data hutoka kwa njia hii tulivu, na mwenyewe hajui kwamba imetoka.

Kitambulisho pande zote mbili, PIN ya KRA, namba ya simu na jina la mrithi, vyote katika folda moja, ndicho kifurushi anachokitafuta mtu anayetaka kusajili laini kwa jina lako au kukopa kwenye programu za mikopo halafu apotee. Wakenya tumeshaonja haya. Juni 2021 watu walipoingia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, kuangalia, wengi walijikuta wamesajiliwa kuwa wanachama wa vyama vya siasa ambavyo hawakuwahi hata kuvifikiria. Jina na namba ya kitambulisho vilitosha. Jumapili hiyo, kabla ya ajenda ya mikopo, waombe akina mama wabonyeze *106# waone laini zilizosajiliwa kwa vitambulisho vyao. Atakayekuta asiyoitambua aende kwa kampuni ya simu iondolewe.

Sasa jiulizeni chama kinahitaji picha za vitambulisho kwa kazi gani. Mlipokuwa mnanunua ploti, wakili alizihitaji, na nakala zake anazo. Kwa kukopeshana na kuandika kumbukumbu, jina na namba vinatosha. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inataka anayekusanya habari za watu akusanye zile tu zinazohitajika kwa kazi iliyotajwa, na asikae nazo baada ya kazi hiyo kuisha. Sheria hii ina meno. Septemba 2023 Ofisi ya Kamishna wa Data iliitoza shule moja ya Uthiru faini ya shilingi 4,550,000 kwa kuchapisha picha za watoto bila idhini ya wazazi. Sisemi kwamba kesho mtaitwa kwenye ofisi hiyo Upper Hill mkajieleze. Nasema mama yule ana haki ya kuuliza na ana haki ya kuomba picha yake ifutwe, na mimi ningezifuta za wanachama wote, si yake peke yake. Ukimaliza kufuta, kumbuka kufungua sehemu ya taka, maana Drive, hifadhi hiyo ya Google, huvihifadhi humo kwa siku 30.

Kuna mahali pengine ambapo vitambulisho hivyo vimebaki na hamjapafikiria. Kama wanachama walikutumia picha zao kwa WhatsApp, ziko kwenye simu yako na kwenye nakala ya akiba ya WhatsApp inayokwenda Google. Ujumbe wenyewe husafiri ukiwa umefungwa, lakini nakala hiyo ya akiba haifungwi namna ileile mpaka wewe mwenyewe uingie kwenye mipangilio ya WhatsApp uiwashe. Uwezo huo upo tangu 2021. Uwashe leo.

Kijana wako umsalimie, lakini kwa hili amekosea. Wingu linaungua. Tarehe 10 Machi 2021, kituo cha data cha kampuni ya OVHcloud kilichoko Strasbourg, Ufaransa, kilishika moto usiku. Jengo moja liliteketea lote na la pili likaharibika kwa sehemu. Tovuti nyingi zilizimika kwa mpigo, na baadhi ya wateja waliamka wakiwa hawana chochote, kwa sababu nakala yao ya akiba ilikuwa katika kituo kilekile, au hawakuwa na nakala kabisa wakidhani kampuni inawawekea. Kumbe huduma hiyo ilikuwa ya kulipiwa kando. Vitu vyenu pia viko ndani ya jengo fulani lenye seva, nyaya za umeme na walinzi, na jengo hilo karibu hakika haliko Kenya.

Mwenyekiti naye anasema kampuni kubwa haipotezi vitu. Mei 2024 mfuko wa pensheni wa Australia unaoitwa UniSuper, wenye wanachama zaidi ya 600,000, ulitoweka kwenye mitambo ya Google Cloud. Mpangilio mmoja uliokosewa upande wa Google wakati wa kuandaa huduma ulisababisha mfumo wao uliokuwa huko ufutwe. UniSuper walikuwa wameuweka mfumo huo katika sehemu mbili kwa tahadhari, na zote mbili zilifutika pamoja kwa kuwa zilikuwa chini ya usajili uleule. Kilichowaokoa ni nakala za akiba zilizokuwa zimewekwa kando, nje ya mfumo uliofutwa. Hata hivyo, wanachama walikaa siku kadhaa bila kuweza kuingia kwenye akaunti zao. Mfuko wenye mabilioni na wataalamu wa kulipwa uliokolewa na nakala iliyokaa kwingine. Chama cha Umoja hakina nakala hiyo.

Kwa haki, niseme na upande wa pili. Kampuni hizi hulinda seva zao vizuri kuliko mimi na wewe tunavyoweza kulinda kompyuta ya nyumbani, na simu ikinyakuliwa dirishani pa matatu pale mzunguko wa Globe, ni akaunti ya mtandaoni inayokurudishia picha za watoto. Ndiyo maana sikubaliani na mweka hazina. Mafuriko ya Aprili 2024 yalibeba vyeti na vitambulisho vya watu wengi hapa Nairobi, vilivyokuwa vimewekwa vizuri kwenye faili, chini ya kitanda. Kosa halipo katika kuweka vitu mtandaoni. Kosa ni kuviweka huko tu. Hakuna mwanachama wenu angekubali hatimiliki ya ploti ya Kamulu ikae nyumbani kwa mtu asiyemjua, bila nakala, na funguo mkononi mwa mtu huyo. Huo ndio mpango mlio nao sasa.

Hayo ya funguo ndiyo yaliyomkuta kaka yako. Seva hazikuungua, vitu vyake bado vipo. Ila anayeamua kama ataingia au hataingia si yeye. New York Times lilieleza mwaka 2022 habari za baba mmoja wa San Francisco aliyepiga picha ya mwanawe mgonjwa kwa sababu muuguzi aliiomba ili daktari aione kabla ya miadi. Picha ikapanda yenyewe kwenye akaunti yake, mashine ya Google ikaidhania kuwa ya unyanyasaji wa watoto, akaunti ikafungwa. Alipoteza barua pepe, picha za familia, hata namba ya simu kwa kuwa nayo aliinunua kwao. Polisi walichunguza wakaona hakuna kosa lolote. Google haikumfungulia. Nakueleza haya si kukutisha. Nataka mwenyekiti aelewe kwamba mtu asiye na kosa anaweza kufungiwa na asipate wa kumlilia, na kwamba wewe una karatasi za hospitali za marehemu mama humo humo mlimo mkataba wa ploti.

Hapa Nairobi, kabla hata ya kampuni kukufungia, ni rahisi zaidi ujifungie nje mwenyewe. Simu inaibwa, laini inakwenda nayo, na namba ya siri ya kuingia inatumwa kwa laini hiyohiyo. Mwizi mwenye akili hahangaiki na nywila ya simu. Anatoa laini, anaitia kwenye simu yake, anabonyeza umesahau nywila, ujumbe unamfikia yeye. Dawa yake ni kuwasha PIN ya laini yenyewe, ile inayoulizwa simu inapowashwa, na ubadilishe ile iliyokuja nayo. Ni wachache wanaoiwasha. Jambo la pili ni la saiba, yaani duka la intaneti. Wengi wetu barua pepe ya kwanza tulifunguliwa na mhudumu wa saiba siku tuliyokuwa tunatafuta PIN ya KRA, na akaweka namba yake au barua pepe yake kama njia ya kurudishia akaunti. Ingia kwenye akaunti yako uangalie ni namba ya nani imeandikwa hapo. Ukiikuta ya mtu mwingine, huyo ndiye mwenye akaunti, hata kama ni miaka mingi hamjaonana.

Haya, Jumapili useme nini. Mimi ningependekeza chama kifungue akaunti yake chenyewe, isiyo ya katibu wala ya mwenyekiti, ili siku ukihama au ukiugua stakabadhi zisiondoke nawe, na ili mambo ya chama na picha za watoto wako visikae katika akaunti moja ambayo ikifungwa vyote vinapotea. Washa hatua ya pili ya kuingia, kwa programu ya simuni inayotoa namba za kuingilia, msitegemee ujumbe mfupi. Google hutoa pia namba 10 za dharura zenye tarakimu 8 kila moja, za kutumia simu inapopotea. Ziandikeni kwenye karatasi mbili. Moja akae nayo mweka hazina, ambaye anapenda karatasi na kwa hili ana haki, nyingine mwenyekiti.

Folda ishirikiwe kwa barua pepe za wanachama mmoja mmoja, na linki ya zamani izimwe. Anayejitoa kwenye chama anaondolewa siku hiyohiyo, na jambo hilo liandikwe kwenye kumbukumbu. Mkataba wa ploti na taarifa za M-Pesa vifungwe kwa nywila yake kabla ya kupakiwa. Kijana wako anaweza kulifanya hilo kwenye kompyuta kwa 7-Zip, programu ya kufunga faili, ambayo ni ya bure. Achague kufunga hata majina ya faili. Hapo hata kampuni yenyewe ikifungua folda haitasoma kitu. Nywila hiyo nayo iandikwe kwenye zile karatasi mbili, kwa sababu ikipotea hakuna ofisi itakayowafungulia.

Kisha nakala ya nje. Nunueni flashi mbili, au diski ya nje kama mfuko unaruhusu, na kila baada ya mkutano unakili folda yote. Moja ikae kwako, nyingine kwa mwanachama wa mtaa mwingine, mbali vya kutosha ili moto au maji yasizikute pamoja. Kila mara ufungue faili moja kutoka kwenye flashi, uone inafunguka. Watu hunakili mwaka mzima, siku ya shida wanakuta faili haisomeki. Mkataba wa asili na hatimiliki zibaki karatasi, kwa wakili au benki, maana mahakamani picha ya simu haitawafikisha mbali.

Kuhusu picha za marehemu mama, usisubiri Jumapili. Google ina huduma iitwayo Takeout inayokuwezesha kupakua kila ulicho nacho kwao. Itumie wiki hii, ikibidi kwa intaneti ya mahali pa kazi kwa sababu faili zitakuwa kubwa. Halafu ujue kwamba ukifuta picha kwenye simu ili upate nafasi, mara nyingi inafutwa na kwenye akaunti pia, kwa kuwa vitu hivyo viwili vimeunganishwa. Unabaki na siku 60 za kuiokoa kwenye taka ya Google Photos, basi. Kama mama mwenyewe alikuwa na akaunti yake na unayo njia ya kuingia, ingia. Tangu Desemba 2023 Google inaweza kufuta akaunti ya mtu binafsi ambayo haijaguswa kwa miaka 2, na picha alizopiga yeye huenda ziko huko tu. Wewe nawe kwenye akaunti yako uweke jina la mtu atakayepewa vitu vyako usipoonekana kwa muda; mipangilio hiyo ipo, na unachagua muda kuanzia miezi 3 hadi 18.

Kaka yako, pole sana. Mwambie kwanza abadilishe barua pepe iliyosajiliwa KRA, eCitizen na benki kabla ya jambo lolote lingine, kwa sababu siku akisahau nywila ya iTax, mfumo wa kodi wa KRA, itatumwa mahali asipoweza kufika. Akishindwa mtandaoni aende Huduma Centre, kituo cha huduma za serikali, cha Makadara na kitambulisho chake. Baada ya hapo aendelee na rufaa, lakini asiishie kuomba afunguliwe tu. Aandike kwamba anadai nakala ya data yake binafsi kwa mujibu wa sheria ya Kenya, ambayo inawahusu hata wasio na ofisi hapa iwapo wanachakata data ya watu walioko Kenya. Wakimkatalia au wakinyamaza, apeleke malalamiko kwa Ofisi ya Kamishna wa Data, ambayo sheria inaitaka imalize uchunguzi kwa siku 90. Simwahidi ushindi. Namwambia mlango upo na Wakenya wengi hawabishi hodi.

Wakati anasubiri, kazi za wateja zinaweza kupatikana kwingine. Maharusi aliowapelekea picha bado wanazo, hata kama ni zile zilizopunguzwa ukubwa. Awapigie akianza na wa karibuni. Kadi za kamera asizipigie tena hata picha moja. Picha zilizofutwa kwenye kadi mara nyingi hurudi kwa programu kama PhotoRec, ambayo hailipiwi, mradi kitu kingine hakijaandikwa juu yake. Akusanye kadi zote alizo nazo, hata zile anazodhani zimekufa, azitoe kwenye begi la kazi leo, na harusi ya Jumamosi akapige kwa kadi mpya.